Tanuri la Mama Kwenda Kilindoni

Chole, mwezi 12 Mfungo Nne, 1331

Kwa ndugu yangu Mfaume bin Muhidini, Malindi, Unguja.

Salamu zikufikie wewe na mkeo Arafa, na kila anayekula sinia moja nanyi. Sisi huku tu wazima, uzima wa kisiwani, mmoja akiinuka mwingine anakohoa. Jirani yetu Mize goti limemvimba tena, lakini mdomo haujavimba. Ananitwangia mtama wangu na kuwasema watu tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Paa la upande wa kibla nimeliezeka makuti mapya. Kaburi la Mama nimelipalilia, na wewe nimekuombea fungu lako la dua. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Waama baadu, liko neno, na neno lenyewe zito.

Wadachi wanahama. Boma lao la hapa Chole wanaliacha, wanakwenda kukaa Kilindoni, na soko nalo linafuata boma. Askari wamekwisha kwenda na wake zao, na askari ndio waliokuwa walaji. Mwuza sharubati amekwenda na mitungi yake. Mwuza tende naye kafunga. Juzi nimeoka kama kawaida, mpaka magharibi mikate yangu ya mofa imebaki nusu. Mofa za Mama kubaki, Mfaume! Nilizifunika kawa watu wasizione, nikaona haya kama niliyefumaniwa.

Huko Kilindoni soko jipya limepimwa. Akida ametangaza kwamba kila mfanyabiashara wa Chole amewekewa nafasi yake, lakini awe ameianza kazi kabla ya mwandamo wa Ramadhani. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Nafasi yangu iko kando ya njia ya msikitini. Nimekwenda, nimeiona, nimeipenda, nimechomeka vijiti pembeni ili watu wajue ina mwenyewe.

Sasa sikia. Tanuri jipya silitaki. Lile letu alilifinyanga bibi kwa udongo wa kisiwa cha Juani, Mama akaoka humo mpaka mkono wake ukaisha vinyweleo. Ukuta wake umekunywa moshi na maji ya chumvi miaka hiyo yote. Ukibandika mkate unaushika wenyewe. Niliwahi kuoka katika tanuri la watu, mofa ziliteleza zikaangukia motoni, nikacheka na watu huku nalia kwa ndani. Nataka kulichimbua lile lile, zima, nikalizike mpaka shingoni Kilindoni kama lilivyozikwa hapa.

Lakini limo katika ua wa Mama, na ua tumeurithi wawili, na kwa sheria wewe una mafungu mawili na mimi moja. Siwezi kutia jembe katika mafungu yako bila idhini yako. Basi niandikie neno moja tu: chimba. Hata salamu usitie.

Nahodha Iddi anakuletea kifurushi cha mofa kavu. Arafa azichovye katika chai. Wewe najua utazitafuna hivyo hivyo.

Ni mimi dada yako, Somoe.


Unguja, mwezi 20 Mfungo Tano, 1331

Kwa dada yangu Somoe binti Muhidini, Chole.

Shikamoo dada. Na shikamoo ya Arafa, ambaye ndiye aliyeshika kalamu, maana mimi siku hizi kazi imenielemea. Harusi juu ya harusi, kila mtu anataka haluwa, sufuria halipoi. Nasema yeye anaandika.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Mofa zimefika, na nimezitafuna hivyo hivyo, umenijua. Mtaani kwetu mtu mmoja amefungua duka la mikate ya ngano. Mirefu, imejaa hewa. Ukiibonyeza inarudi, ukiila hujui umekula nini, na watu wanaigombea toka asubuhi. Mwambie Mize goti alikande mafuta ya nazi yaliyochemshwa na tangawizi.

Habari ya boma kuhama imenisikitisha. Lakini dada, na wewe umeoka sana. Tanuri la nini tena? Funga ua, mwachie Mize ufunguo, uje Unguja ukae na sisi upumzike. Nafasi tunayo tele, na Arafa atafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye.

Wasalamu, mdogo wako Mfaume.


Chole, mwezi 3 Mfungo Saba, 1331

Kwa Mfaume, Malindi.

Marahaba. Na Arafa marahaba yake. Mwandiko wake mzuri kuliko wako, ila mimi sikuzaliwa tumbo moja na Arafa, nautaka ule mbaya wa kwako.

Mize anashukuru kwa dawa. Mafuta kajikanda, tangawizi kaitia katika chai akainywa, na goti liko vile vile. Maulidi tumesoma, lakini watu walikuwa wachache mpaka siniani nyama ilibaki, jambo ambalo Chole hatujapata kuliona.

Barua yako nimeisoma, nimeigeuza, nimeitazama na mgongoni. Neno nililokuomba halimo. Nimekuomba chimba, umenipa pumzika. Nani kakwambia nimechoka? Mkono wangu ungali unaingia tanurini na kutoka bila lengelenge. Mama alioka mpaka wiki aliyokufa, na mofa ya mwisho aliyoibandika ilikuwa duara kama mwezi wa kumi na nne. Na mimi nife hivyo hivyo, unga uko kucha.

Tena nikuulize. Harusi gani hizo za Mfungo Tano? Tangu lini Waswahili wakaoana katika mwezi wa nuksi? Labda Unguja mmeendelea. Sisi huku Mfungo Tano hata kuhamisha kuku tunaogopa. Kama kazi hakuna, sema hakuna. Kama bwana Sleyum mwenye jiko la haluwa amekutoa, sema amekutoa. Mimi si mgeni wako.

Sokoni hapa tumebaki mimi, mwuza pweza, na mwanamke mmoja wa vitumbua ambaye naye amekwisha kufunga mizigo. Kila siku natazama tanuri nasema, leo nalichimba. Kisha nakumbuka mafungu yako mawili, naliwasha tena, naoka mofa za kula mimi na Mize na mwuza pweza.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Usiponipa neno nitapanda chombo cha Iddi, nije uniambie mdomo kwa mdomo, na Arafa asikie.

Dada yako Somoe, ambaye hakuchoka.


Unguja, mwezi 25 Mfungo Tisa, 1331

Kwa dada yangu Somoe.

Shikamoo dada. Nisamehe kukawia, chombo kilicholeta barua yako kilipitiliza, kisha Arafa aliumwa, kisha mvua. Sasa ni mzima na ndiye anayeandika.

Kuja, dada, usije sasa. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja na paa linavuja, utalala wapi? Tungoje kiangazi, kisha tutaona.

Haluwa ipo. Bwana Sleyum hana neno na mimi.

Tanuri nakuomba uliache lilipo. Mama alilitia pale, na mtu akirudi nyumbani apate kuona moshi unatoka mahali pale pale. Kilindoni finyanga jipya, udongo si uko? Usiniulize zaidi ya hapo, nakuomba kwa haki ya Mama.

Mfaume.


Chole, mwezi 17 Rajabu, 1331

Kwa Mfaume bin Muhidini.

Marahaba.

Mfungo Tano mlikuwa na nafasi tele, nije nipumzike. Mfungo Tisa nyumba ni chumba kimoja. Vile vyumba vingine vimekwenda wapi, vimefuata boma?

Hutaki niulize, siulizi. Lakini na mimi usinizuie. Shaabani inabisha hodi, na nyuma yake Ramadhani. Vijiti vyangu Kilindoni kuna mtu amekwisha viegemea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limekwisha kuumia.

Basi nimefanya hivi. Nimemwita mwalimu wa msikiti wetu, na Mize, wakae mashahidi. Nimesema mbele yao: fungu langu katika urithi wa Mama ni tanuri, basi. Ua wote, na kisima, na minazi, na nyumba yenye paa jipya nililoliezeka kwa mkono wangu, vyote ni vya ndugu yangu Mfaume. Mwalimu kanitazama akasema, Somoe, unajidhulumu. Nikamwambia, mwalimu, mimi najijua.

Sasa sina haja ya idhini yako. Ninachochimba ni changu. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini wewe lako nimekuwekea, usije ukasema dada yako alikuibia.

Nimelia, ndiyo. Nililia nikamaliza, nikaenda kutafuta wachukuzi.

Somoe.


Kilindoni, mwezi 24 Shaabani, 1331

Kwa Mfaume, Malindi, Unguja.

Salamu kwako na kwa Arafa. Hujanijibu, nami nakuandikia hivyo hivyo, maana jambo lililonipata nisipomwambia mtu wa tumbo langu nitapasuka. Kaa kitako. Arafa naye akae.

Tanuri tulilichimbua pole pole, kwa mikono, kama watu wanaofukua mayai ya kasa. Lilitoka zima. Nikawa na hofu moja tu: njiani jua likilipiga, udongo ulioshiba unyevu wa ardhi utakauka ghafla upasuke. Basi nikalilaza juu ya kile kitanda cha kamba cha Mama, chini nimetandika makumbi, nikalivika magunia ya maji, na juu ya magunia nikafunika shuka nyeupe. Wachukuzi ni Shamte na wenziwe, wale wachukuzi wa nazi. Nikawaambia wakiweke kitanda begani, wende taratibu, wasikimbie, na wasiimbe, kwa kuwa mchukuzi akiimba hurusha hatua. Nikadhani nimefikiri kila kitu.

Wewe umekwisha kuona. Mimi sikuona.

Maji yalipojaa tukavuka kwa mashua mpaka Utende, tukashika njia. Wanaume wa watu wamenyamaza, kitanda begani, shuka nyeupe, kitu kirefu kimelala chini yake. Kufika Kiegeani, watu walikuwa mashambani. Mmoja akasimama wima, akavua kilemba cha jasho, akaitamka shahada. Akaja mbio akatia bega. Mwingine akaja. Mara njia nzima ni watu, kila mmoja anataka thawabu ya kubeba hatua chache, wanapokezana, wanasoma. Na wengi wamekuja na majembe yao, maana kaburi halichimbwi kwa kucha.

Na yule Shamte, Mungu amlipe anachostahili! Badala ya kusema, kanyamaza. Bega lilikuwa linamuuma, kaona wasaidizi wametoka kwa Mungu. Akavuta uso, akainamisha kichwa, akatembea nyuma mikono mitupu kama mfiwa wa kwanza.

Mimi nilikuwa nyuma na Mize na kile kigoti chake. Nilipoona nikakimbia niwazuie. Loo! Macho waliyonitolea! Mwanamke gani anafuata jeneza? Mzee mmoja akanizuia njiani, kwa upole, machozi yanamlenga: "Rudi nyumbani, mwanangu. Dua yako itamfikia."

Nikamwambia, "Babu, si maiti!"

Akasema, "Ndivyo tunavyosema wote siku ya kwanza. Subira, mwanangu. Subira."

Nifanye nini? Nikazidi kusema si maiti, na wao wakazidi kunihurumia. Mize kajifunika kanga uso mzima. Nilidhani analia, kumbe anakufa kwa kicheko.

Tukaingia Kilindoni namna hiyo. Habari ilikwisha tutangulia. Wenye maduka wamesimama milangoni. Kitanda kikatuliwa mbele ya msikiti, safu zikaanza kupangwa, mwalimu wa pale akatoka, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akauliza kama inavyopasa kabla ya sala: "Maiti mwanamume au mwanamke?"

Hakuna aliyejua. Wa mbele wakawatazama wa nyuma, wa nyuma wakamtazama Shamte, Shamte akashikwa na kikohozi.

 Nikajua watu hawa wakiona wamechezewa katika jambo la dini, nafasi yangu imekwenda, na tanuri litavunjwa pale pale kwa majembe yale. Lakini nilikwisha tupa ua na nyumba kwa ajili yake, nirudi wapi? Nikapenya katikati ya wanaume, nikavuta shuka, nikayatoa na magunia. Nikasema: "Ni tanuri la mofa la marehemu mama yangu, Bi Chiku wa Chole. Nimesema njia nzima na hapana aliyenisikiliza."

Mtu mmoja wa Kiegeani akaanza kufoka, ameacha palizi yake kuja kubeba chungu. Mwalimu akainua mkono. Akainama, akatia kichwa ndani ya mdomo wa tanuri, akakaa humo kitambo. Alipotoka masizi yalikuwa puani.

"Bi Chiku huyu wa njia ya gati?" akauliza. "Nilisoma chuo Chole. Mofa zake ndizo zilizotulea."

Kisha akawageukia watu. "Mlitoka kwa nia ya kuzika, na nia zenu zimekwisha andikwa. Majembe mnayo mkononi. Basi zikeni. Mama, shimo liende wapi?"

Nikawaonyesha vijiti vyangu. Wakachimba wao, Mfaume. Wale waliokuja kuchimba kaburi ndio waliochimba shimo la tanuri, wakalishusha taratibu vile vile, wakalifukia mpaka shingoni. Na yule aliyefoka ndiye aliyeshindilia udongo kwa miguu, anatukana huku anashindilia. Jioni nikawasha vifuu. Ukuta ulipogeuka mweupe nikalowesha mkono kwa maji ya chumvi, nikasema bismillahi, nikabandika. Ikashika! Mofa za kwanza sikuziuza. Nilizigawa kama hitima, na wa kwanza kunyoosha mkono ni yule yule mwenye matusi.

Kwa hiyo mwezi wa Ramadhani utaniandamia hapa, nina moto. Wewe unanuna au umefurahi? Niandikie hata tusi.

Dada yako Somoe, mfiwa wa tanuri.


Unguja, mwezi 15 Ramadhani, 1331

Kwa dada yangu Somoe, Kilindoni.

Shikamoo dada.

Barua hii naiandika mwenyewe. Utaona herufi zinavyoyumba, ni kwa sababu nimeandika kwa mkono wa kushoto, na Arafa kanishikia karatasi. Maneno yatakuwa machache.

Tulipokusoma tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Tangu Mfungo Tatu wa mwaka jana sikupata kucheka hivyo. Nilipomaliza kucheka nikaona haya. Dada amebeba tanuri mchana kweupe mbele ya watu wa Mafia nzima, mimi nimeshindwa kubeba neno moja.

Mfungo Tatu ule sufuria la haluwa liliteleza jikoni. Nilitia mkono kulizuia. Sukari ile unaijua, haitoki, inakaa inaungua. Kidonda kimepona, lakini mkono wa kulia umeganda. Vidole vimejikunja nusu kuelekea gumba, haviendi mbele havirudi nyuma. Mwiko wa haluwa unataka mikono miwili. Bwana Sleyum hakunifukuza, ni kweli, alinipa kazi ya kufagia jiko, nikafagia mwezi, nikaacha mwenyewe. Sikuweza kusikia harufu ile nimeshika ufagio. Sasa Arafa anashona kofia, ndizo tunazokula.

Nimetafuta kazi ya chakula, sijui nyingine. Lakini nani atakula kilichopita katika mkono wa kushoto? Wananitazama mkono, wananiambia njoo kesho.

Nilikuwa nimewaza kurudi. Nikae katika ua wa Mama, nikuchochee moto, watu waone moshi wasinione mimi. Ndiyo maana nikakunyima idhini. Nikaona ukilitoa tanuri, nyumbani patabaki shimo, na mimi nitakuwa nimerudia shimo. Niliona haya kukwambia. Kisha wewe ukanipa ua wote, nami ndiyo nikazidi kukosa mdomo wa kusema.

Ua siutaki peke yangu. Uturudishie sote wawili kama alivyouacha Mama.

Nilitaka kuandika lile neno uliloniomba, lakini umekwisha chimba. Basi naliandika hivyo hivyo, lisije likabaki kwangu: chimba.

Mdogo wako, kwa mkono wake, Mfaume.


Kilindoni, mwezi 4 Mfungo Mosi, 1331

Kwa mdogo wangu Mfaume, na mke wake Arafa mwenye subira.

Marahaba. Idi imetufikia salama. Mize amekula mpaka akalala mchana, na wewe amekulilia kwa sauti sokoni, watu wakadhani tumeleta jeneza jingine.

Ungekuwa karibu ningekuchapa kwanza ndipo nilie. Kwa kuwa uko mbali nimelia tu. Mwaka mzima! Mimi nakufokea habari ya harusi za Mfungo Tano, nawe umekaa na mkono umeganda! Ulidhani ningefanya nini, nikucheke? Haya, yamekwisha, sitalirudia neno hili ila siku nitakayokuwa na hasira sana.

Shimo la nyumbani usilihofu. Nililifukia siku ile ile na nimepanda mche wa mnazi, umetoa jani. Ua ni wetu sote, mwalimu wa Chole nimempelekea habari, amesema alijua tu.

Tanuri nalo lina habari yake. Katikati ya Ramadhani lilitia ufa, toka mdomoni mpaka kiunoni. Watu wakanishauri nifinyange jingine. Nimeuziba kwa udongo na majivu. Upande ule mkate haushiki, basi nabandika upande mwingine, na tunalisha soko zima. Sikulitupa.

Sasa kazi. Watu wanapotoka kusali isha wanakuja kula mofa kwangu, kwa pweza wa yule mzee wa Chole, ambaye naye kanifuata. Wakishakula wanaulizia kahawa. Kahawa hapana. Basi wanainuka wanakwenda kuitafuta, na mazungumzo yao wanaondoka nayo, na baraza langu linabaki na makombo. Soko lote hili la Kilindoni halina mtu anayejua kuchemsha kahawa na tangawizi mpaka ikakamata kooni. Wewe unajua, Baba alikufundisha kabla hujaenda kwenye haluwa zako.

Najua utakalosema. Nisikilize kwanza. Jana nilipofunga nimekaa peke yangu, nimesoma tena barua yako pale ulipoeleza vidole. Nikaukunja mkono wangu wa kulia hivyo hivyo, vidole nusu kuelekea gumba. Nikachukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, nikakitia katikati. Kikakaa. Nikakitilia kahawa ya moto, kikakaa, hata tone halikumwagika.

Na dele la kahawa hushikwa mkono gani, Mfaume? Wa kushoto. Kwa wauza kahawa wote, wa Unguja na Maskati na wa dunia nzima. Kushoto humimina, kulia humpa mtu. Hakuna atakayekuuliza kitu.

Dele nimekwisha nunua na vikombe nimevisugua. Mpe Iddi mizigo yenu mikubwa, wewe na Arafa mpande chombo hicho hicho kitakachowaletea barua hii. Mkichelewa watu watazoea kwenda kunywa kwingine.

Dada yako Somoe, ambaye kahawa anayochemsha mwenyewe hainyweki.